Barua kwa Mwanasheria Mkuu haitamtoa mdogo wako gerezani

SWALI: Shikamoo Wakili. Mdogo wangu amehukumiwa miaka sita na mahakama ya hapa Sacramento, wiki tano zilizopita, baada ya juri kumkuta na hatia. Kuna mtu wa kwetu anayejiita mshauri wa sheria. Anataka dola 1,500 aandike barua kwa Mwanasheria Mkuu wa California ili kesi ifutwe. Anasema Kamala Harris alipitia ofisi hiyo mpaka akawa Makamu wa Rais, na kila anayekaa pale anatafuta cheo kikubwa zaidi, kwa hiyo barua yenye saini nyingi za wapiga kura hawezi kuipuuza. Nimeshampa 600. Nimalizie zilizobaki? — Dada mtu, Sacramento

JIBU: Marahaba mwanangu. Usimpe hata senti moja zaidi, na barua hiyo isiende.

Wiki tano ni siku 35. Mtu aliyehukumiwa California kwa kosa kubwa (felony) ana siku 60 tangu siku ya hukumu kuwasilisha notisi ya rufaa, kwa hiyo zimebaki 25. Notisi ni fomu tu, CR-120, haiuzwi, na inapelekwa mahakama ileile iliyomhukumu. Mpigie leo wakili aliyemtetea umwulize kama ameshaiwasilisha. Kama bado, aiwasilishe yeye, au mdogo wako aijaze na kuitia saini hukohuko aliko. Ikishapokelewa, shauri linakwenda Mahakama ya Rufaa ya Wilaya ya Tatu, ambayo iko hapohapo Sacramento, na kama hana uwezo wa kulipa atateuliwa wakili wa rufaa bila gharama.

Sasa nisikilize vizuri kuhusu Mwanasheria Mkuu, kwa sababu hapa ndipo watu wetu wanapoumizwa kila mwaka. Rufaa ya mdogo wako ikianza, wakili atakayesimama upande wa pili kuitetea hukumu ile atatoka ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa California. Mwendesha mashtaka wa kaunti alimaliza kazi yake hukumu ilipotolewa. Kwenye rufaa ya kosa kubwa, mpinzani wenu ni ofisi hiyo hiyo mnayotaka kuiandikia barua ya huruma.

Niliwahi kuletewa barua ya namna hiyo na mama mmoja. Kurasa sita, kila ukurasa una mhuri mwekundu wenye picha ya tai, mhuri wa kuchongesha dukani. Ukurasa wa pili uliandikwa: "kijana anakiri alikosea na anaomba msamaha wa serikali." Kijana mwenyewe tangu siku ya kwanza alikuwa anasema hakufanya. Kwa hiyo kishoka aliyeiandika, wakili bandia, alichukua fedha ya mama, akakiri kosa kwa niaba ya mtoto, na kulipeleka ungamo mezani kwa upande wa mashtaka, ambako lingeweza kuibuka siku kesi ikirudishwa kusikilizwa upya. Jibu lililorudi lilikuwa la aya moja: ofisi haiwezi kumpa mtu binafsi ushauri wa kisheria wala kumwakilisha. Tarehe ya jibu hilo ilikuwa siku ya 71 baada ya hukumu. Nilikaa na yule mama tukihesabu kwenye kalenda ya ukutani, na sikuwa na namna ya kumfanya asilie.

Kwetu tumezoea Mwanasheria Mkuu anayeteuliwa na Rais, Tanzania na Kenya vilevile, na mashtaka yana mkurugenzi wake. Marekani, majimbo 43 humchagua wa kwao kwa kura. Mtu akisikia "kura" anadhani basi huyu ni kama mbunge, ukimpelekea shida yako atakusaidia kwa sababu anakutaka uchaguzi ujao. Kishoka wako ameuza dhana hiyo. Ni kweli ofisi hizi ni ngazi ya siasa: Bill Clinton alikuwa Mwanasheria Mkuu wa Arkansas kabla ya kuwa gavana, Earl Warren alitoka ofisi ya California akawa gavana na baadaye Jaji Mkuu wa Marekani, na Josh Shapiro ametoka Pennsylvania kwenda ugavana mwaka 2023. Lakini tamaa ya cheo haibadilishi mteja wa ofisi. Mteja ni jimbo.

Tuchukue huyo Harris ambaye jina lake linatumika kukamua watu. Wengi wetu tulianza kumfuatilia alipokuwa Makamu wa Rais, alipofika Dar es Salaam Machi 2023 na kukutana na Rais Samia. Huko nyuma alikuwa mwendesha mashtaka wa San Francisco tangu 2004. Novemba 2010 aligombea Uanasheria Mkuu dhidi ya Steve Cooley, mwendesha mashtaka wa Los Angeles. Cooley alijitangaza mshindi usiku wa uchaguzi. Kura zikaendelea kuhesabiwa kwa wiki tatu, na Harris akashinda kwa chini ya asilimia moja. Aliingia ofisini Januari 2011, akatoka Januari 2017 kwenda Seneti.

Angalia alichofanya kwa miaka hiyo sita, uone ofisi ni ya nini. Septemba 2011 alijitoa kwenye mazungumzo na mabenki makubwa kuhusu watu walionyang'anywa nyumba, akisema fungu la California ni dogo mno. Makubaliano ya Februari 2012 na mabenki matano yalifikia dola bilioni 25 kwa nchi nzima, na California ikapata fungu kubwa. Aliwashtaki Corinthian Colleges, vyuo vya biashara vilivyowadanganya wanafunzi, na mwaka 2016 mahakama ikaamuru walipe dola bilioni 1.1. Hizo ni kesi za jimbo zima, na ndizo zinazomjengea jina anayetaka kupanda.

Upande wa wafungwa, tazama. Harris alipinga adhabu ya kifo maisha yake yote ya kazi. Mwaka 2014 jaji wa shirikisho aliposema adhabu ya kifo ya California inakiuka katiba, ofisi ya Harris ilikata rufaa kuitetea. Kulikuwa pia na mtu wa Los Angeles aliyepewa kifungo cha hadi maisha kwa kukutwa na kisu. Mahakama ya shirikisho iliona amethibitisha kwamba hakutenda kosa hilo. Ofisi ya Mwanasheria Mkuu ikapinga asiachiwe, na hoja yake kubwa ilikuwa kwamba maombi yake yalichelewa kuwasilishwa. Alitoka mwaka 2013. Kama ofisi inapinga mtu ambaye jaji amesema hana hatia, kisa karatasi zimechelewa, barua yenye saini 200 za kanisani itafanya nini? Siku 25 za mdogo wako zina thamani kuliko saini zote za Sacramento.

Ukitaka kujua kosa hili la kudhani Mwanasheria Mkuu ndiye anayeamua kila kesi halituumizi sisi wageni peke yetu, kumbuka mdahalo wa Detroit, Julai 2019, Harris alipogombea urais mara ya kwanza. Mgombea mwenzake, Tulsi Gabbard, alimkabili mbele ya taifa kwamba alifunga watu zaidi ya 1,500 kwa bangi. Hesabu hiyo ni ya waliopelekwa magereza ya jimbo katika miaka yake, na kesi zao zilifunguliwa na waendesha mashtaka wa kaunti 58, kila mmoja kachaguliwa kwake. Katiba ya California inasema Mwanasheria Mkuu anawasimamia, lakini kwa kawaida hachukui faili mezani kwao. Yapo ya kumhoji Harris kwa haki kabisa, na nimeyataja mawili hapo juu. Hilo la bangi lilikuwa la watu wengine, na kampeni yake ilipofungwa Desemba mwaka huo bado watu walikuwa wanalirudia.

Kwa hiyo ninyi nyote mnaosoma hapa, si dada huyu peke yake: Mwanasheria Mkuu wa jimbo hafuti hukumu. Msamaha California hutolewa na gavana, na kuuomba hakusimamishi siku za rufaa. Mambo ya uhamiaji ni ya serikali ya shirikisho, Mwanasheria Mkuu wa jimbo hawezi kukuzuilia kurudishwa kwenu hata akikupenda. Anayekwambia anamjua mtu ofisini, anayetaka fedha taslimu, asiyekuandikia mkataba, asiyekutajia namba yake ya uwakili, huyo ni kishoka, hata kama mnasali msikiti mmoja au alikuwa jirani wa bibi yenu Tanga. California hata mshauri wa uhamiaji asiye wakili hawezi kufanya kazi bila kujisajili na kuweka dhamana ya dola 100,000, na bado haruhusiwi kutoa ushauri wa sheria.

Kama siku 60 zimeshakupita, usikate tamaa kabla ya kuongea na wakili wa rufaa: ukimwomba wakili wako akate rufaa ndani ya muda naye akaacha, mahakama inaweza kukupokea. Na kama ulikiri kosa badala ya kusikilizwa na juri, mara nyingi unahitaji pia cheti cha jaji cha kuruhusu rufaa, kinachoombwa ndani ya siku hizohizo 60.

Dada, zile 600 zako, barua moja tu kwa Mwanasheria Mkuu ndiyo inayokufaa. Malalamiko ya mteja aliyetapeliwa yanapokelewa pale bila malipo, unajaza mwenyewe. Andika jina la huyo mtu, tarehe ulizompa fedha, na namba ya simu aliyokutumia ujumbe. Ifanye baada ya kumpigia wakili wa mdogo wako, si kabla.