Siku moja Geneva baada ya kongamano: panda wapi?

Ndugu, kama kongamano linaisha Alhamisi na ndege ni Jumamosi asubuhi, Jungfraujoch, ile stesheni ya treni juu kabisa ya milima ya Alps, iache. Utashinda kwenye treni, na nauli yake ni ya kutoa machozi.

Ijumaa panda treni ya kwenda Montreux, mji ulio kando ya ziwa, takriban saa moja tu. Kaa upande wa kulia: ziwa lote ni lako, na baada ya Lausanne unapita katikati ya mashamba ya mizabibu ya Lavaux. Hapo Montreux, stesheni hiyohiyo, badili uingie treni ndogo ya kupanda mlima Rochers-de-Naye. Ina gurudumu la meno linalong'ata reli ya katikati, ndiyo maana haitelezi. Chini ya saa moja uko karibu na kilele, mita 2,042.

Zermatt, mji mwingine wa milimani, ni tamu zaidi, sikatai, ila ni karibu saa 4 kwenda tu. Ilalie au iache.

Asubuhi tazama kamera za mlimani mtandaoni kabla ya kukata tiketi. Kukiwa na ukungu, shukia Montreux ule samaki. Na koti, tafadhali, hata Julai. Suti ya mkutano haitakusaidia kule.