Maswali na Majibu: Wanga, Sukari na Maji Tunayoyasahau

Barua nyingi zilizonifikia safari hii zinahusu kabohaidreti, na karibu zote zinayataja maji kana kwamba kazi yake ni kulowesha chakula tu. Nimechagua zile zinazoniruhusu kulirekebisha kosa hilo.

Mwalimu, je, wanga na kabohaidreti ni kitu kimoja? (Mwanafunzi, Masaka)

Hapana, na ninaomba barua zenye swali hili zipungue, kwa maana nimelijibu mara nyingi mno. Kabohaidreti ni ukoo mzima: sukari za kila aina, wanga, selulosi inayojenga kuta za seli za mimea, na glaikojeni, akiba ya glukosi katika miili ya wanyama. Wanga ni mmoja tu wa ukoo huo, akiba ya mmea iliyojengwa kwa molekuli nyingi za glukosi, ambayo ni sukari sahili, zilizoshikana katika minyororo. Nakiri kwamba lawama si ya wanafunzi peke yao, kwani sisi walimu tumezoea kusema "vyakula vya wanga" tukikusudia kundi zima, kisha tunakasirika mtahiniwa anapoandika kwamba sukari ya chai hugeuka bluu-nyeusi ikitiwa iodini. Wanga ndio hugeuka, sukari haigeuki. Aidha, wanaokariri kwamba kabohaidreti ni kitu chochote chenye kaboni, pamoja na haidrojeni na oksijeni kwa uwiano wa maji (haidrojeni mbili kwa oksijeni moja), wautazame mfano wa asidi ya siki, C2H4O2, yenye uwiano huohuo na si kabohaidreti hata kidogo. Halafu waitazame sukari iliyomo katika DNA, C5H10O4, ambayo haina uwiano huo na bado ni kabohaidreti.

Kwa nini ndizi ikiwa mbichi haina utamu, lakini ikiachwa iive huwa tamu bila kuongezwa kitu? (Msomaji, Mbarara)

Kimeongezwa kitu: maji, yaliyokuwa ndani ya ndizi yenyewe. Ndizi mbichi imejaa wanga, na ulimi hauonji utamu katika wanga kwa sababu molekuli zake ni kubwa mno. Ndizi inapoiva, vimeng'enya vyake, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemia, huikata minyororo ya wanga, na kila panapokatwa kifungo kimoja, molekuli moja ya maji hutumika: sehemu yake moja hushika upande huu wa mkato na sehemu nyingine upande wa pili. Maji hayo hayatoweki, bali huwa sehemu ya sukari. Ndiyo maana gramu 900 za wanga mkavu, zikivunjwa zote kabisa kuwa glukosi, hutwaa gramu 100 za maji na kutoa gramu 1000 za glukosi. Mmea unapojenga wanga mambo hugeuka, kwa kuwa kila glukosi inapoungana na mwenzake molekuli moja ya maji hutolewa.

Msichanganye jambo hili na kupika. Matooke yanapofukizwa ndani ya majani ya mgomba, chembechembe za wanga hunywa maji, huvimba na kulainika, lakini minyororo ya glukosi kwa sehemu kubwa hubaki mizima. Ndiyo maana chakula hulainika pasipo kuwa kitamu. Yakilala hadi asubuhi huwa magumu, kwa sababu minyororo hiyo hujipanga upya na kuyasukuma nje baadhi ya maji iliyokuwa imeyashika.

Nilipasha moto sukari ya dukani katika myeyusho wa Benedict, dawa ya bluu ya kupimia sukari, na rangi haikubadilika. Je, dawa imeharibika? (Mwanafunzi, Jinja)

Dawa ni nzima. Sukari ya dukani ni sukrosi, nayo haibadilishi rangi ya Benedict mpaka uichemshe kwanza katika asidi, ili maji yaivunje kuwa glukosi na fruktosi, kisha uuondoe uasidi huo kwa besi kabla ya kupima.

Niliacha posho na wali kwa wiki moja, nikapungua kilo mbili. Je, ni mafuta yaliyoyeyuka? (Msomaji, Kampala)

Sehemu kubwa ni maji. Ini na misuli huhifadhi glukosi kama glaikojeni, kwa mtu mzima yapata gramu 500 kwa jumla, na kila gramu hukaa pamoja na takribani gramu tatu za maji. Ukiitumia akiba hiyo bila kuirudisha, maji yake hutoka katika mkojo, na ukila posho tena uzito hurejea. Anayetumia dawa za kisukari asijaribu jambo hili kabla ya kuonana na daktari wake, kwa sababu dawa ileile bila chakula huweza kuishusha sukari ya damu hadi mtu azirai.

Mjukuu wangu anaharisha tangu jana. Jirani ananishauri nimpe maji matupu, kwa kuwa sukari huzidisha kuhara. Nimfuate? (Bibi, Mbale)

Shikamoo, bibi. Ikiwa macho ya mtoto yamedidimia, au amelegea, au hawezi kunywa, au choo kina damu, acha kusoma hapa umpeleke kituo cha afya sasa hivi.

Jirani amepata nusu ya ukweli. Sukari nyingi, kama ile ya soda, huyavuta maji kutoka mwilini kuingia utumboni, na kuhara huzidi. Lakini glukosi iliyopimwa hufanya kazi nyingine kabisa: katika ukuta wa utumbo kuna mlango unaopitisha glukosi na sodiamu ya chumvi kwa pamoja, na vikipita, maji huvifuata. Mwanasayansi Robert Crane aliueleza mlango huo mjini Prague mwaka 1960. Maji matupu hayana cha kuyavuta namna hiyo, wala hayarudishi chumvi iliyopotea. Kwa hiyo tumia pakiti ya ORS, yaani unga wa chumvi na glukosi wa kumnywesha anayeharisha, uikoroge katika kiasi cha maji safi kilichoandikwa juu yake. Katika mchanganyo uliopitishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2002, kila lita ina gramu 13.5 za glukosi na gramu 2.6 za chumvi. Pakiti ikikosekana, weka vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha, katika lita moja ya maji safi. Usizidishe sukari ili mtoto aipende, na usizidishe chumvi, kwani ni hatari zaidi. Anayenyonya aendelee kunyonya, na uulizie vidonge vya zinki.

Oksijeni inayotolewa na majani katika usanisinuru hutoka kwenye kaboni dioksidi, sivyo? (Mwanafunzi, Gulu)

Sivyo. Hutoka kwenye maji, kama Samuel Ruben na Martin Kamen walivyoonyesha mwaka 1941 kwa kutumia oksijeni nzito, yaani oksijeni ambayo atomi zake zina uzito zaidi ya kawaida na hivyo huweza kufuatiliwa.