Nailoni yenye zinki kwenye majaruba ya chumvi

SWALI: Mhandisi, shikamoo. Ninazalisha chumvi Lindi, upande wa Mchinga. Nailoni nyeusi ninayotandika kwenye majaruba hudumu misimu miwili, kisha hupasuka kwenye kingo. Muuzaji ananishawishi ninunue nyingine angavu, iliyochanganywa na chembe ndogo mno za oksidi ya zinki. Anadai kuwa jua haliiwezi na vijidudu havikai juu yake. Bei yake ni karibu mara mbili. Je, anasema kweli?

JIBU: Marahaba. Maneno ya muuzaji yana ukweli, ila ukweli huo unafaa kazi nyingine, si jaruba.

Nailoni yako, ambayo kwa hakika ni polithini na jina hilo tumelizoea tu, huharibiwa na miale ya urujuanimno, yaani miale ya jua isiyoonekana kwa macho, ambayo hukata minyororo ya polima, zile molekuli ndefu zinazounda plastiki, huku hewa na joto vikiendeleza uharibifu huo. Oksidi ya zinki hufyonza miale yenye urefu wa wimbi usiozidi nanomita 370 hivi (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), na huacha mwanga tunaouona, wa kuanzia nanomita 400, upite. Chembe zikiwa na kipenyo cha nanomita 20 hadi 50, ni ndogo mno kuutawanya mwanga huo, ndiyo maana nailoni hubaki angavu. Zikiwa kubwa, nailoni huwa nyeupe kama maziwa.

Udogo huo una gharama yake. Gramu moja ya chembe za nanomita 40 ina eneo la uso la takriban mita za mraba 27, na nyuso hizo hupenda kushikana zenyewe kwa zenyewe kuliko kushikana na polithini, ambayo ni ya jamii ya mafuta. Mtengenezaji asipozipaka asidi ya steariki, ambayo ni asidi ya mafuta, au kitu cha aina hiyo na kuzichanganya kwa nguvu ya kutosha, hufanya mabonge, na mpasuko huanzia hapo kwenye bonge. Kwa hiyo kuongeza zinki si lazima kuongeze uimara. Mara nyingi asilimia chache za uzito zinatosha, na zaidi ya hapo nailoni huanza kukakamaa na kukatika.

Lipo jambo ambalo wauzaji hawalitaji. Oksidi ya zinki iliyofyonza urujuanimno huzalisha, pale penye unyevu na oksijeni, kemikali kali zinazoua bakteria. Lakini kemikali hizohizo huila polithini iliyozibeba. Kinga dhidi ya vijidudu na kinga dhidi ya jua, basi, huvutana. Chembe zikifunikwa kwa silika, yaani madini ya aina ya mchanga, nailoni hudumu zaidi lakini uwezo wa kuua vijidudu hupungua. Anayekuahidi yote mawili kwa ukamilifu muulize chembe zake zimefunikwa kwa kitu gani. Tena kuna ioni za zinki, yaani atomi zake zenye chaji ya umeme, zinazotoka kidogokidogo, nami nisingetandika kitu hicho chini ya chumvi ya kula bila cheti kinachoonyesha kuwa kimepimwa kwa matumizi ya chakula.

Kwenye jaruba huna haja ya mwanga kupita. Unahitaji joto libaki ili maji yakauke upesi. Masizi ya viwandani, yale yanayoipa nailoni weusi, ya asilimia 2 hadi 3, yakisambazwa vizuri, hufyonza urujuanimno wote pamoja na mwanga, na ni rahisi kwa bei. Nailoni nyeusi iliyokufa kwa misimu miwili ninaishuku kuwa nyembamba mno, au iliyotengenezwa kwa plastiki iliyorejelewa yenye masizi machache. Kingo hutangulia kwa sababu hapo imekunjwa, iko nje ya maji na inakanyagwa. Chimba mfereji kuzunguka jaruba, uzifukie kingo kwa udongo.

Hiyo yenye zinki ingefaa kuezeka kaushio la samaki au mboga, mahali ambapo mwanga lazima uingie. Ukitaka kuijaribu, kata vipande viwili: kimoja kiweke juu ya paa msimu mzima wa kiangazi, kingine kabatini, kisha uvivute vyote kwa mkono. Kabla ya hapo, inua kipande ukitazame kwenye mwanga. Ukiona vidoa vyeupe, hayo ndiyo mabonge niliyoyataja.