Kiti kimekufa, sheria ziko hai

SWALI: Habari za kazi ndugu wahariri. Mi ni dereva wa semi, napiga Dar kwenda Kongo kupitia Tunduma na Kasumbalesa, kwenda nabeba salfa kurudi nabeba kopa (shaba), kazi naipenda na barabara sijawahi kuiogopa ila ofisi hii niliyopo sasa itanitoa roho. Kiuno kinauma, kinaanzia upande wa kushoto kinashuka kwenye kalio mpaka nyuma ya goti, nikiwa kwenye foleni ya mizani pale Vigwaza kila nikikanyaga klachi napigwa kama shoti ya umeme. Gari nimekabidhiwa kiti kimeshakufa, hakishiki upepo, ukikaa kinashuka mpaka chini afu kila shimo linapokelewa na uti wa mgongo. Nimeripoti, naambiwa andika rikwesti, nimeandika, naambiwa subiri spea.

Cha ajabu ofisi hiyohiyo isiyo na hela ya kiti ina hela ya kufunga kamera ndani ya kabini na kumlipa mtu akeshe anaangalia magari kwenye kompyuta. Sheria sasa: riflekta uvae hata ukiwa umekaa ndani unaendesha, buti za chuma muda wote, shati lichomekwe, kamera ikiona umeshika kiuno inapiga kelele, wakati wa kupakia ushuke ukasimame kulee mbali hata kama jua linawaka, mlima wa Kitonga usiachie fri, yaani kuteremka gia ikiwa haijashika, na kusimama ni vituo vitatu tu, Mikumi, Makambako na Tunduma. Juzi kati nimefika Ilula mguu umekufa ganzi nikapaki pembeni pale kwa wauza nyanya, nimeshika bampa nainama nainuka, simu ikaita, dereva mbona umesimama. Nikamwambia ni mgongo. Akatulia kidogo akasema sababu hiyo haipo kwenye sistimu, kuna pancha, ajali, trafiki na mizani, achague ipi? Mwisho wa mwezi nimekatwa elfu 30.

Na kuna fomu ya ukaguzi kabla ya safari, inatoka ofisini imeshapigwa tiki zote, ni fotokopi, breki tiki, taa tiki, kiti tiki, sisi tunasaini tu chini ndo unapewa funguo na mileji (posho ya safari). Ukigoma unashuka, vijana wamejaa getini wanasubiri gari. Sasa nauliza, huu mgongo ni kiti au ndo umri maana nina 43? Elfu 30 yangu inarudi? Na niache kazi au nikomae?
Dereva wa Kongo, Tunduma

JIBU: Pole sana kaka, na huyo wa "haipo kwenye sistimu" tumemsoma hapa mara mbili mbili tukabaki tunaangaliana.

Tuanze na mguu, hela baadaye. Maumivu yanayotoka kiunoni yakapita kalioni yakashuka mguuni mara nyingi ni mshipa wa fahamu unaobanwa au kukerwa kwenye uti wa mgongo. Miaka 43 haitoshi kuwa jibu. Kukaa masaa mengi bila kunyooka na kutikiswa na gari ni vitu vinavyojulikana kabisa kuumiza migongo ya madereva, na kiti kisichoshika upepo ni kutikiswa mara mbili. Kuna dalili ambazo hazisubiri ufike Dar: ganzi ikija sehemu za siri na mapajani kwa ndani, mkojo ukikataa kutoka au ukitoka wenyewe, choo kikikushinda kuzuia, au mguu ukilegea mpaka unyayo unaburuzika. Ukiona mojawapo hapo hakuna Makambako wala kituo kilichoruhusiwa, ni hospitali kubwa iliyo karibu siku hiyohiyo, mzigo atakuja mtu kuuchukua.

Kama hujafika huko bado hospitali uende, tena uende kama mgonjwa usiende kama dereva mwenye haraka. Mwambie daktari unaendesha nini, masaa mangapi, kiti kikoje, na uombe aandike hayo kwenye karatasi. Uliza na mtu wa mazoezi tiba, wengi wenye mgongo kama wako wanapata nafuu kwa mazoezi na kutembea bila kufikishwa kwenye kisu.

Barabarani, toa waleti mfuko wa nyuma, inapindisha nyonga safari nzima. Sogeza kiti mpaka klachi ukiikanyaga hadi mwisho goti libaki limekunja kidogo, egemeo lilale nyuma kidogo tu, na pale kiunoni penye uwazi weka kanga au taulo uliyoiviringisha. Kushuka usiruke, hapo ndo madereva wengi wanajimaliza, geuka uangalie kabini ushuke kwa ngazi mikono yote imeshika. Na kubwa kuliko yote, ukitoka kukaa masaa usiende moja kwa moja kuvuta turubai lililolowa mvua, mgongo ukitoka kwenye kiti unakuwa hauko tayari kwa mzigo mzito, zunguka gari kwanza dakika kadhaa, gonga matairi, ongea na utingo, ndo mshike turubai wawili.

Sasa hizo sheria. Tutakuudhi kidogo lakini mbili kati ya ulizolalamikia ni za maana. Kushuka kwenye kabini wakati wa kupakia usibishane nayo, mzigo ukiteleza kwenye mashine ya kupakia unaweza kuibonyeza kabini na wewe umo ndani, daini kivuli na benchi huko mnakosimamishwa. Na fri Kitonga unajua mwenyewe, tela lenye mzigo ukiliachia pale breki zinapata moto zinakataa. Riflekta ndani ya kabini na shati kuchomekwa ni urembo wa ofisi, vaa tu yaishe, usipoteze nguvu huko. Nguvu zako zote peleka kwenye sheria moja ya kusimama na kwenye ile fotokopi, maana hizo ndo zinakuumiza mwili.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema ukifanya kazi mfululizo zaidi ya masaa 5 una haki ya mapumziko ya angalau dakika 60, na kati ya kumaliza kazi na kuanza tena yawepo masaa 12. Kwa hiyo kampuni ina haki ya kuchagua maeneo salama ya kupaki, hatubishi, na hata ndani ya hifadhi ya Mikumi hakuna mtu atakayekuambia ushuke unyooshe mgongo mbele ya simba. Ila Mikumi mpaka Makambako pana Ruaha Mbuyuni, pana Ilula, pana Ipogolo, pana Mafinga, kote huko malori yanalala kila siku. Waombeni waongeze vituo viwili vitatu kwenye orodha yao na neno "mapumziko" kwenye hiyo sistimu, ni kazi ya mtu wa kompyuta dakika chache. Msiende mmoja mmoja, andikeni madereva kadhaa, na chama chenu kama kipo kibebe barua.

Elfu 30: sheria hiyohiyo, kifungu cha 28, haimruhusu mwajiri kukata mshahara anavyojisikia. Hata ukiharibu mali, anatakiwa awe na kibali chako cha maandishi kwa deni hilo, uwe umekosea kweli, upewe nafasi ya kujieleza, asikate zaidi ya hasara halisi, na makato hayo yasivuke robo ya mshahara. Sasa kusimama Ilula ukainama na kuinuka hasara yake ni shilingi ngapi? Angalia mkataba wako kwanza ulisaini nini, afu andika barua fupi uliza wamekata kwa kifungu gani. Wakikaa kimya, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, wengi mnaiita CMA, inapokea migogoro kama huo ndani ya siku 60. Ukiachishwa kazi unakuwa na siku 30 tu, wengi wanakosa haki yao hapo kwa kuzunguka mjini wakitafuta kujuana.

Ile fotokopi ndo mbaya kuliko yote. Leo gari likipata tatizo karatasi inasema wewe mwenyewe ulikagua kiti ukakiona kizima. Usigome kusaini. Chukua peni, pembeni ya hiyo tiki andika kwa mkono "kiti hakishiki upepo, niliripoti", weka tarehe, saini, piga picha, mtumie msimamizi wa magari kwenye WhatsApp. Fanya hivo kila safari. Akikunyima gari kwa sababu ya maneno hayo amejiandikia ushahidi mwenyewe. Pia mara nyingi tatizo la kiti cha upepo ni bagi lake (mfuko wa hewa) au paipu inayovuja, fundi wa Mbeya anaweza kukiangalia wakati unasubiri, ila uwe na ruhusa ya maandishi na risiti, usije ukaambiwa umechezea gari.

Kuacha kazi? Sio wiki hii, na sio kwa barua ya hasira. Ukiacha mwenyewe, kudai kwamba ulisukumwa kunakuwa kugumu. Daktari akisema upumzike, sheria inakupa likizo ya ugonjwa mpaka siku 126 ndani ya miezi 36, za kwanza 63 kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata nusu, alimradi cheti kiwepo. Akiandika kwamba tatizo limetokana na kazi, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, WCF, unahusika, na mchango wake analipa mwajiri wewe hukatwi. Sisi tungetafuta gari lingine huku tuko kwenye hili, kimyakimya, na swali la kwanza kwa bosi mpya liwe kukaa kwenye kiti.

SWALI: Dada zangu, mume wangu ni dereva wa tenka, kila safari anabeba vidonge vya maumivu vya diklofenaki vya kutosha na kinywaji cha kuongeza nguvu, anasema bila hivyo mgongo haumfikishi Mbeya. Kuna madhara?
Mama wawili, Mbagala

JIBU: Yapo mama. Diklofenaki ya siku chache kwa maelekezo ya daktari sio shida, ila kumeza kila safari inaweza kuchoma tumbo mpaka vidonda na kuvuja damu ndani, kuharibu figo na kupandisha presha, na hicho kinywaji nacho kinaweza kupandisha presha. Muulize kama tumbo linamuuma au anapata choo cheusi cha kunata, hiyo ni hospitali mara moja. Na duka la dawa likimpa vidonge vya kulegeza misuli au tramado (dawa kali ya maumivu) ili "alale vizuri", vinaleta usingizi na kuchelewesha miguu kwenye breki, tenka hilo asiliguse akiwa amemeza. Presha akapimwe kabla ya safari ijayo, hata hapo zahanati ya mtaani kwenu wanapima.