Hisa za Nairobi zinapanda, lakini nini kinazisukuma?

Dada, umeuliza kama kupanda kwa bei za hisa Nairobi ni dalili kwamba uchumi umepona, ili utoe akiba ya karo ununue hisa. Mimi siamini hivyo. Tazama riba kwanza. Agosti 2024 Benki Kuu ya Kenya ilianza kushusha riba yake ya msingi, inayoongoza riba nyingine nchini, kutoka asilimia 13. Kufikia Desemba 2025 ilikuwa 9. Dhamana za serikali za siku 91, yaani mikopo mifupi ambayo serikali huchukua kwa wawekezaji, zilizokuwa zikilipa karibu asilimia 16 katikati ya 2024, mwaka mmoja baadaye zililipa takriban 8. Pesa zilizokuwa zimelala huko zikatafuta pengine pa kwenda, na soko letu ni dogo: Safaricom na benki chache kubwa zikipanda, fahirisi nzima, yaani kipimo cha bei za hisa kwa jumla, inapanda nazo, hata kama duka la mtaani kwako halina wateja. Sisemi faida za benki ni hewa. Zipo, na gawio, yaani sehemu ya faida wanayopewa wenye hisa, hulipwa. Ila riba ikigeuka ipande tena, pesa hizo zitarudi zilikotoka, bei za hisa zishuke, na shule haitakusubiri. Karo iache ilipo. Ukipata pesa usiyoihitaji kwa miaka mitano, hapo nunua kidogo kidogo, na usome hesabu za kampuni kabla ya kumpigia dalali wako simu.