Kwa nini mechi zetu hukaa ndani ya nyimbo

Ndugu mmoja aliyehamia Kampala hivi karibuni kutoka Busia, ambaye anasema mpira ameuona kwenye kibanda cha televisheni tu, ameuliza maswali mawili. Kwanza, atapata nini akienda uwanjani kutazama timu za hapa, ilhali Ligi Kuu ya Uingereza anaiona kila mwisho wa wiki bila usumbufu? Pili, kwa nini sisi wenye umri hatuwezi kusimulia mechi bila kutaja wimbo au bendi? Waliotangulia kumjibu wamezungumzia uzalendo, na sina ugomvi nao, lakini kwangu maswali hayo mawili yana jibu moja, na jibu hilo linapitia masikioni.

Nilizaliwa Jinja, mtaa wa Walukuba, ambako wafanyakazi wa viwanda walitoka kila pembe ya Uganda na wengine Kenya, na kwa sababu hiyo Kiswahili ndicho tulichotumia uani na ndicho tulichogombania mpira nacho. Leo nauza vipuri vya magari katika soko la Kisekka, Kampala, na kutoka dukani kwangu hadi uwanja wa Nakivubo ni mwendo wa miguu. Nimekuwa shabiki wa SC Villa tangu ujana na wa timu ya taifa, Uganda Cranes, tangu kabla sijajua kusoma vizuri, na sehemu kubwa ya ushabiki huo niliipata bila kuona mpira wenyewe.

Wakati huo redio ya nchi ilikuwa moja, Radio Uganda. Vituo vya FM vya watu binafsi havikuanza hadi mwaka 1993. Kwa hiyo mpira na muziki vilitoka katika kisanduku kimoja, kwa sauti moja, mbele ya watu walewale. Baba aliiweka redio juu ya kabati na kuunganisha antena kwa waya wa shaba uliokwenda hadi kwenye nondo za dirisha, na siku ya mechi majirani walikaa mlangoni na kwenye ngazi. Kabla ya mtangazaji kuingia ulipigwa muziki, wakati wa mapumziko ulipigwa muziki, na mawasiliano yakikatika, jambo lililotokea mara nyingi, ulipigwa muziki tena huku watu wazima wakiitazama redio kwa wasiwasi kana kwamba ingeweza kusema kitu chini ya lile gitaa. Usiku tulihamia kwenye mawimbi ya Kenya na Tanzania, na huko ndiko nilikomjua Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz, na baadaye Les Wanyika wa Nairobi.

Machi 1978 Cranes walikwenda Ghana kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika. Waliifunga Nigeria 2-1 katika nusu fainali, kisha wakafungwa 2-0 na wenyeji katika fainali, mabao yote mawili ya Opoku Afriyie. Nilikuwa mtoto mdogo, lakini majina ya nahodha Jimmy Kirunda, kipa Paul Ssali na mshambuliaji Phillip Omondi niliyashika kama watoto wanavyoshika majina ya wajomba. Kabla ya mwaka kwisha vita vilikuwa vimeanza. Januari 1979 tukasikia kwamba Mbaraka amefariki kwa ajali ya gari nchini Kenya, na Aprili ya mwaka huohuo Amin akaondolewa Kampala. Mambo hayo hayahusiani hata kidogo, ila kwa mtu wa umri wangu aliyekuwa amekaa chini ya redio ileile yamebaki pamoja. Gitaa la Mbaraka likianza tu, Omondi anakimbia. Ndugu yangu, hapo ndipo unapotusikia tukitaja bendi katikati ya mazungumzo ya mpira: hatuondoki kwenye mada, tunaeleza mechi ilikaa wapi.

Kuna jambo jingine ambalo vijana wengi hawalijui. Jina la Cranes halikuwa la timu ya taifa peke yake. Katika miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970 Kampala ilikuwa na bendi iliyoitwa Cranes Band, na timu na bendi zote mbili zilikuwa zimechukua jina la korongo yule aliye kwenye bendera yetu. Mpiga saksafoni Moses Matovu alipita humo, Philly Lutaaya alipita humo, na kutokana na bendi hiyo ikazaliwa Afrigo Band mwaka 1975, ambayo imeendelea kupiga kupitia serikali zote zilizofuata. Nimemwona Matovu akipuliza saksafoni akiwa mzee, mbele ya watu waliozaliwa muda mrefu baada ya bendi yake kuanzishwa, na sidhani kama Afrika Mashariki ina hazina nyingi za namna hiyo. Klabu hufukuza kocha baada ya mechi chache, lakini Afrigo wamevumilia.

Lutaaya anastahili neno zaidi. Alikwenda kuishi Sweden, akarudi, na mwaka 1989 akatangaza hadharani kwamba anaishi na UKIMWI, wakati ambapo hakuna Mganda mwingine mashuhuri aliyekuwa amethubutu kusema hivyo. Alifariki Desemba 15 mwaka huohuo. Aliacha pia nyimbo za Krismasi kwa Kiganda, na hadi leo Desemba ikiingia hakuna teksi, saluni wala duka la Kampala lisilozipiga. Ndiyo maana fainali ya mwaka 1991 inanirudia kila mwisho wa mwaka hata nisipotaka. Villa walikuwa wamefika fainali ya klabu bingwa Afrika, wakafungwa 6-2 na Club Africain kule Tunis, na mechi ya marudiano ikachezwa Nakivubo mwezi Desemba. Kila mtu aliyeingia uwanjani alijua hesabu ilivyokuwa mbaya. Hata hivyo watu waliingia, wakapanda hadi kwenye kuta, na nje mitaa yote ilikuwa ikipiga Lutaaya, aliyekuwa amefariki miaka miwili tu kabla. Mechi ilikwisha 1-1. Nakumbuka watu walivyotoka taratibu kuelekea soko la Owino na kituo cha teksi, wengine wakiimba nyimbo zake kwa sauti ya chini, na sikuona mtu aliyejutia kiingilio chake.

Nakivubo ya wakati huo haipo tena. Uwanja ule, ambao historia yake inaanzia mwaka 1926, ulivunjwa mwaka 2017 na ukafunguliwa upya mwaka 2024 ukiwa na jina la Hamz Stadium, nyasi bandia na maduka kuuzunguka. Kiti sasa ni kiti kweli, taa zipo, na mvua ikinyesha mchezo hauzami kwenye matope. Nashukuru kwa hayo yote. Nilichokikosa zaidi katika miaka ile ya ujenzi ni kelele za Jumamosi zilizokuwa zikipenya hadi dukani, ambapo kwa kusikia tu mngurumo ungeweza kusema kama ni bao, ni kosa kosa, au ni refa. Zimeanza kurudi. Wateja wangu kutoka Kongo, wanaokuja kutafuta vipuri vya malori na ambao nazungumza nao Kiswahili kuanzia asubuhi, hunyanyua kichwa na kuuliza ni nani anayecheza, na kutoka hapo mazungumzo huhamia kwa wanamuziki wa kwao, Franco au Samba Mapangala, ambaye naye alipita na kupiga muziki hapa Uganda kabla ya kwenda kujipatia jina Nairobi.

Uwanja wa taifa wa Namboole ni habari nyingine. Ulifunguliwa mwaka 1997 na ukapewa jina la Mandela, na ndiko timu ya taifa ilikotuvunja moyo mara nyingi. Oktoba 2011 tulihitaji kuifunga Kenya ili twende Kombe la Mataifa, tukatoka 0-0. Oktoba 2012 tuliifunga Zambia, waliokuwa mabingwa wa Afrika, 1-0, kisha tukatolewa kwa penalti. Siku hizo mbili nilijifunza kwamba uwanja uliojaa watu unaweza kunyamaza kiasi cha kusikia bendera zikipigwa na upepo. Kisha ikaja Septemba 4, 2016: Farouk Miya akaifunga Komoro bao moja, Denis Onyango akalinda goli, na Uganda ikafuzu kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1978. Bendi ya tarumbeta ilikuwa imepiga wimbo wa taifa mwanzoni, wimbo alioutunga George Kakoma mwaka 1962 na ambao ni mfupi kuliko nyimbo nyingi za mataifa. Mpira ulipokwisha watu wakauimba wenyewe bila bendi, wakamaliza, na kwa kuwa ni mfupi wakaurudia tena na tena. Pembeni yangu alisimama mzee aliyevaa koti la suti siku ya jua kali. Hakupiga kelele yoyote. Alikuwa akitaja majina kwa utaratibu, Ssali, Kirunda, Lwanga, Nsereko, Omondi, kama mtu anayeita watu waje waone.

Baada ya hapo uwanja ulifungwa kwa matengenezo, na tukafikia hali ya kucheza mechi zetu za nyumbani Misri na Cameroon, jambo ambalo mpaka leo linaniuma. Mechi ya nyumbani bila watu wa nyumbani ni jina tu. Ulipofunguliwa tena mwaka 2024, na hasa wakati wa CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, ya Agosti 2025, niliona vijana wengi wa kibandani wakija kwa mara ya kwanza. Waliokuwepo siku tuliyotoka nyuma 3-1 dhidi ya Afrika Kusini na kusawazisha 3-3 kwa penalti mbili za mwishoni hawahitaji tena kuulizwa uwanjani kuna nini. Senegal walitutoa 1-0 katika robo fainali, lakini kazi ilikuwa imekwisha kufanyika.

Lawama yangu moja niiseme waziwazi. Siku hizi waandaaji wa mechi wanapenda kufungulia spika kubwa kila mchezo unaposimama, muziki wa klabu za usiku ukipigwa juu ya vichwa vya watu wanaoimba. Muziki huo si mbaya kwa mahali pake. Lakini wimbo wa jukwaani huchukua dakika kadhaa kujengeka, kutoka kwa wapigaji wachache hadi upande mzima, na spika ikiukata katikati haurudi. Namboole hali ni ngumu zaidi kwa kuwa njia ya riadha imetutenga na wachezaji, na sauti inayopotea hapo haifiki popote. Naomba wenye mamlaka watuachie angalau kipindi cha pili.

Kwa hiyo ndugu yangu wa Busia, ukitaka kuanza, usianzie Namboole. Anzia Wankulukuku, nyumbani kwa klabu ya Express, hata kama mimi ni mtu wa Villa. Uwanja ni mdogo, unasikia kipa akiwapanga mabeki wake, na wapigaji ngoma wanakaa karibu nawe. Fika mapema uwaone wakijiandaa. Wana engalabi, ile ngoma ndefu iliyowambwa ngozi ya kenge, na kama asubuhi ilinyesha ngozi inalegea na sauti inakuwa nzito isiyoruka. Basi wanawasha magazeti makuukuu pembeni ya ukuta, wanaizungusha ngoma juu ya moto kwa uangalifu, mmoja anaigonga kwa ncha za vidole na kutega sikio, anaitoa, anairudisha, mpaka inaanza kulia kwa ukali anaoutaka. Anayeigonga hujua kuisikiliza kuliko fundi wa injini, na asiporidhika haingii uwanjani hata kama mpira umekwisha kuanza. Hicho hukioni kwenye televisheni, na bila hicho dakika tisini za ligi yetu huwa kavu kweli, nakubaliana nawe.

Ukishazoea, nenda Lugogo kwenye uwanja wa KCCA unaobeba jina la Phillip Omondi, kisha Kitende kwa klabu ya Vipers. Ukipata nafasi ya kwenda Jinja, tazama mechi huko, ambako mashabiki wa Busoga wana midundo yao tofauti kabisa na ya Kampala. Kibanda usikiache, mimi mwenyewe huenda siku za katikati ya wiki na kula kikomando, chapati iliyokatwakatwa na maharage, hapo nje na vijana wa dukani. Ila angalia jambo moja: wiki ikipita, jaribu kukumbuka ulichosikia kibandani, kisha jaribu kukumbuka ulichosikia Wankulukuku.

Mechi nyingi za ligi huanza saa kumi jioni. Nunua karanga nje kabla ya kuingia, kaa upande wa ngoma, na usivae vifaa vya masikioni. Jezi ya timu yoyote haitakuletea shida, watu wetu hutaniana kwa maneno tu. Siku za mechi nafunga duka saa nane, na upande wa ngoma ndipo ninapokaa.