Barua kwa mwanangu: kona ya reli na ndoo ya mjomba wako

Mwanangu,

Ujumbe wako umefika, na mama yako kanisomea kwa sababu miwani yangu imevunjika mkono. Unasema treni ya umeme ilipinda kona kwa kasi mkielekea Dodoma, chai yako ikatulia kikombeni kama iko mezani, ndipo ukakumbuka ule ubishi wa siku ya posa yako, kama kona inasukuma nje au haisukumi. Unataka kujua nani alikuwa sahihi, mimi au mjomba wako.

Tuanze na chai. Ungechungulia dirishani ungeona nguzo za umeme zimeinama. Nguzo zimesimama wima, binti yangu. Uliyeinama ni wewe, na behewa, na kikombe, na chai yenyewe. Kwenye kona, reli ya nje hupandishwa juu kuliko ya ndani. Behewa likilalia ndani, reli zinalisukuma kuelekea katikati ya duara, nawe unasukumwa na kiti ulichokalia. Bila hivyo ungesukumwa na ukuta begani, na chai ingekuwa mapajani.

Nguvu hiyo si ya kudharau. Chukulia kona ambayo kutoka katikati ya duara hadi kwenye reli ni mita 2000. Treni ikipita kwa kilomita 160 kwa saa, kila kilo ya mwili wako inataka nyutoni 1 hivi (nyutoni ni kipimo cha nguvu) ya kuvutwa ndani. Wewe una kilo 60 (usinune), basi ni nyutoni 60, karibu sawa na uzito wa kilo 6 za unga. Dereva akipunguza mwendo ukawa nusu, nguvu inayotakiwa haiwi nusu, inakuwa robo. Akiuongeza mara mbili, inatakiwa mara nne. Ndiyo maana tangu mko wadogo nawaambia: kona haisamehe mwendo.

Haya sikuyapata darasani. Reli ya kati, ile ya Wajerumani yenye upana wa mita 1, iliyofika Kigoma mwaka 1914, inafuata mto Mkondoa kutoka Kilosa kuelekea Gulwe, na mto ule mvua zikizidi unabeba tuta zima. Sisi wa gangi, yaani kundi la kutengeneza njia, tulipanda kiberenge, kigari cha relini, tukaenda kurudisha. Mataruma ya chuma yanayolala chini ya reli, kokoto, mitaimbo. Jeki inaingia chini ya reli ya nje, pima maji inalazwa kukatiza reli zote mbili, na mnyapara wetu analala kifudifudi, shavu juu ya chuma, jicho moja limefumbwa, anaitazama kona inavyokwenda. "Bado kidole." Tunapandisha. "Basi." Kwa kona ya mita 300 toka katikati ya duara na mwendo wa kilomita 40 kwa saa, reli ya nje inatakiwa ipande milimita 44 hivi. Yule mzee hakuwa na kikokotoo. Tukimpimia, inakuja hapohapo.

Ukipandisha kidogo mno, reli ya nje inaliwa. Ukipandisha kupita kiasi, treni ya mizigo inayokwenda polepole inaulalia upande wa ndani na kuila reli ya ndani. Reli ya nje iliyoliwa naijua kwa kidole: ubavu wake wa ndani unang'aa kama umepigwa msasa, na chini yake kuna unga wa chuma unaobaki mweusi kwenye ngozi hata ukinawa kwa sabuni.

Sasa siku ile wakwe wamekaa mkekani, pilau imeshaliwa, mimi naeleza kazi yangu taratibu, nasema kona inasukuma nje. Mjomba wako akainuka na ualimu wake. Akaomba ndoo, akatia maji, akafunga kamba ya mita 1, akaizungusha juu ya kichwa mpaka chini. Halikudondoka tone. Wakwe wakapiga makofi. Akasema hakuna kinachoyasukuma maji nje, yanataka kwenda moja kwa moja tu, kitako cha ndoo ndicho kinachoyarudisha ndani. Angeishia hapo! Akaongeza: "Shemeji yangu kabeba mataruma maisha yake yote, msimlaumu." Wakacheka. Mkwe wangu mzee alicheka mpaka akakohoa. Nilijua ile ndoo ikipita juu kwa chini ya mita 3 kwa sekunde inammwagia, na Mungu anisamehe, nilikuwa naomba mkono uchoke.

Niseme haki. Kuhusu maji, na kuhusu abiria, alisema kama alivyoandika Newton mwaka 1687: kitu kikiachwa kinakwenda mbele kimenyooka, na kukipinda ni lazima kivutwe ndani. Sina neno hapo. Lakini Newton huyohuyo ndiye aliyesema reli ikilisukuma gurudumu ndani, gurudumu nalo linaisukuma reli nje, kwa nguvu ileile. Unga wa chuma kidoleni mwangu ulitoka wapi kama hakuna kilichosukumwa nje? Mimi nilizungumzia reli, sikuzungumzia abiria. Au nilitaja abiria? Mama yako anasema nilitaja abiria. Mama yako siku hiyo alikuwa jikoni.

Kwa hiyo nani alikuwa sahihi, sisemi. Nina jibu, tena liko hapa mdomoni, lakini mjomba wako mgonjwa wa presha na nyinyi mna lile kundi lenu la simu. Nitasema hili tu: kona haisamehe mwendo, na yeye tangu azaliwe hajawahi kushika jeki.

Mama yako anadai hiyo tayari ni hukumu. Nimemwambia aandike hivyohivyo. Msalimie mumeo, na babake pia, kama kikohozi kimepona.

Baba yako